Kolwezi hadi Upemba kwa gari la kulala ndani: mambo ya kupanga mbele ya kuwasha motere

Mji wa Kolwezi hauna shida ya magari ya nguvu. Mbele ya mahoteli, kwenye vituo vya mazuti, kati ya malori ya mukuba yanayoelekea Likasi, kila mahali kuna jeep za traksio nne. Ni kazi ya migodi iliyozileta. Kile kinachokosekana ni zoea la kuchukua jeep kama hizo siku za kongé, kupakia jamaa, vitanda na sufuria, na kwenda kulala siku chache ndani ya mbuga ya taifa. Na mbuga yenyewe haiko mbali sana kwenye ramani: Upemba, moja ya mbuga kubwa za inchi yetu, inagawanyika kati ya Haut-Katanga, Haut-Lomami na jimbo letu la Lualaba.

Katika inchi nyingine safari ya namna hiyo ni jambo la kawaida. Wazungu wana gari-nyumba, lile linaloitwa kwa Kifaransa camping-car: gari lenye vitanda, jiko, tanki ya maji na mara nyingine choo ndani. Kule Marekani mbuga ya Yellowstone, iliyoanzishwa mwaka 1872, iliruhusu magari ya watu binafsi kuanzia 1915. Afrika Kusini ilitangaza mbuga ya Kruger mwaka 1926, na mwaka uliofuata magari ya kwanza ya watalii yakaingia. Tangu wakati huo zimejengwa barabara, kambi zenye bomba la maji, vituo vya mafuta na maduka. Msafiri wa Kruger anaweza kusahau chumvi nyumbani na kuinunua ndani ya mbuga.

Msafiri wa Upemba akisahau chumvi, atakula bukari bila chumvi. Akisahau kitu kikubwa zaidi, kama maji, mazuti au ruhusa, safari inageuka hatari. Ndiyo maana kupanga ni nusu ya safari hii. Na wengi wanaoifikiria wanaanza na swali la gari, wakati gari linapaswa kuja la nne: nyuma ya mwezi, nyuma ya ruhusa, nyuma ya njia.

Mbuga yenyewe

Mbuga ya taifa ya Upemba iliundwa tarehe 15 Mei 1939, wakati wa ukoloni wa Wabelgiji. Ilikuwa mbuga ya tatu ya Kongo, nyuma ya ile iliyoitwa Albert mwaka 1925, ambayo leo ni Virunga, na Garamba ya mwaka 1938. Mwanzoni ilipewa kilomita mraba 17,730. Baadaye, mwaka 1975, mipaka ilibadilishwa, na leo mbuga yenyewe ina karibu kilomita mraba 11,730. Kuanzia 1946 mpaka 1949, mtaalamu wa wanyama Gaston-François de Witte aliongoza uchunguzi mkubwa humo, na mimea na wanyama wengi waliandikwa kwa mara ya kwanza kutokana na kazi hiyo.

Inchi ya Upemba ni ya namna mbili. Upande wa chini kuna bonde la mto Lualaba, penye maziwa Upemba na Kisale, mafunjo, wavuvi na joto kali. Pale mwinuko hauzidi sana mita 585. Upande wa juu kuna uwanda wa Kibara, unaopita mita 1,800, wenye majani mafupi, upepo na baridi. Makao ya mbuga, Lusinga, yako huko juu. Anayefika kwa gari kutoka Likasi anafika Lusinga, wala hafiki kwenye maziwa. Kati ya mahali hapo pawili kuna mteremko mkubwa, na mtu asidhani ataona vyote viwili katika siku nne.

Uwandani ndimo wanamobaki punda milia wa mwisho wanaoishi porini katika Kongo yote. Kuna pia tembo, nyati na swala wa namna mbalimbali. Kule chini katika mafunjo kuna mnyama asiyepatikana popote pengine duniani: swala wa majini anayeitwa lechwe wa Upemba. Wataalamu walimtambua kuwa aina ya pekee mwaka 2005 tu, na picha ya kwanza ya mnyama huyo akiwa hai ilitolewa miaka mingi baadaye. Idadi yao huenda haifiki 100.

Ni vema kusema wazi pia kile ambacho mgeni hataona. Miaka mingi ya vita na uwindaji haramu imepunguza wanyama na kuwafundisha kuogopa sauti ya motere. Mtu anayetaka kuona simba kila asubuhi aende Zambia au Tanzania. Anayekwenda Upemba anakwenda kwa ajili ya uwanda wenyewe, ukimya, nyota, ndege, na bahati ya kundi la punda milia likikimbia mbali.

Kwanza mwezi

Katika Lualaba mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea mpaka Aprili. Katika miezi hiyo barabara ya udongo kaskazini ya Likasi inageuka matope, na lori moja lililokwama linaweza kufunga njia kwa siku nzima. Safari ya jamaa wakati wa masika tuiondoe kabisa katika mpango.

Unabaki wakati wa kiangazi, kuanzia Mei mpaka Septemba. Lakini kiangazi nacho kina sehemu zake. Mei na Juni barabara imekwisha kukauka, majani bado yana rangi, na mito ina maji. Julai ni mwezi wa baridi: usiku kule Lusinga ni baridi kuliko Kolwezi, na mtoto aliyelala ndani ya hema bila blanketi mbili hatalala. Agosti na Septemba moto wa pori unapita uwandani. Moshi unaficha mbali, lakini majani mapya yanayoota kwenye majivu huwavuta wanyama, na kuwaona kunakuwa rahisi zaidi.

Tatizo la jamaa ni masomo. Shule hufunga mwanzoni mwa Julai. Wasio na watoto wa shule, au wenye watoto wadogo, wanaweza kutumia sikukuu ya 30 Juni na kuiunganisha na mwisho wa juma, kisha kuongeza siku mbili za kongé. Wenye watoto wa shule watakwenda Julai au Agosti na watabeba blanketi. Kwa hali yoyote, siku sita ndizo za chini kabisa: mbili za kwenda, mbili za kukaa, mbili za kurudi. Mtu mwenye siku nne atazimaliza barabarani.

Kuna wale watakaouliza kama si afadhali Kundelungu, mbuga iliyoundwa mwaka 1970, inayofikiwa kwa kupitia Lubumbashi. Huko ndiko kuna maporomoko ya Lofoi, ambayo yanaanguka zaidi ya mita 340 na kuhesabiwa kati ya marefu zaidi Afrika. Ni safari nzuri, lakini mwezi una nguvu zaidi huko kuliko Upemba: kiangazi kikiendelea, Lofoi inapungua mpaka kubaki uzi mwembamba wa maji. Aliye na likizo Agosti na anataka kuona maporomoko atavunjika moyo. Mei ndiyo saa yake.

Pili ruhusa, na habari za usalama

Upemba inaongozwa na ICCN, taasisi ya serikali ya kulinda mazingira, na tangu mwaka 2017 inafanya kazi hiyo pamoja na shirika la Forgotten Parks. Upemba haijawa mbuga ya watalii wengi. Kazi kubwa ya watu wake ni ulinzi, na hawangojei wageni kila siku. Kwa hiyo mtu hafiki Lusinga bila kutangazwa. Anaandika mapema kwa ICCN, anasema wako wangapi, magari mangapi, namba zake, tarehe ya kuingia na ya kutoka, na anangoja jibu. Bei za kuingia, za kulala na za mlinzi wa kusindikiza aziulize wakati huo huo, na apewe kwa maandishi. Mwezi mmoja mbele ya safari ni muda wa haki. Juma moja ni kidogo mno.

Barua hiyo ina faida nyingine: inakupatia mtu wa kuuliza hali ya usalama. Hili tusilifunike. Eneo kati ya Mitwaba, Manono na Pweto liliitwa kwa miaka mingi pembetatu ya kifo kwa sababu ya vikundi vya Mai-Mai Bakata Katanga. Desemba 2012 kituo cha Lusinga chenyewe kilishambuliwa na watu waliuawa. Walinzi wa Upemba wamezika wenzao. Hali hubadilika: mwaka mmoja njia inatulia, mwaka mwingine inafungwa. Mwenye haki ya kusema kama njia iko wazi juma hili ni kiongozi wa mbuga pamoja na wakubwa wa Mitwaba na Likasi. Rafiki aliyepita pale miaka miwili iliyopita hatoshi. Wakisema ngojeni, safari inahamishwa, hata kama nyama ya kuchoma imekwisha kununuliwa.

Karatasi za gari nazo zipangwe katika mfuko mmoja: kadi ya pinki, asiransi, vinyeti, kontroli tekniki, permi ya kila atakayeendesha, pamoja na kitambulisho cha kila mtu mzima. Anayetumia jeep ya kampuni awe na barua ya misheni yenye tarehe na jina la mahali anapokwenda. Bila barua hiyo gari la kampuni halina ruhusa ya kuwa Mitwaba, na asiransi yake inaweza kukataa kulipa. Mwenye droni aiache nyumbani, isipokuwa ameandikiwa ruhusa. Silaha ya kuwinda haiingii. Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya ulinzi wa mazingira inakataza kuwinda ndani ya mbuga, hata kama ni ndege mmoja wa kitoweo.

Tatu njia

Kutoka Kolwezi unafuata barabara ya taifa namba 39, unavuka mto Lualaba, unapita Fungurume, na kufika Likasi. Ni karibu kilomita 180 za lami, na vituo vya peaji viko njiani. Weka pesa ndogo ndogo karibu na uhifadhi risiti zote.

Watu wa Kolwezi wanaijua barabara hii, na kwa sababu hiyo wanaidharau. Lakini ndiyo sehemu inayoweza kuua kuliko mbuga yote. Malori yanayobeba mukuba na kobalti kwenda Kasumbalesa yanakutana hapa na yale yanayoleta asidi na chokaa migodini. Februari 2019, lori la asidi liligongana na magari mengine kwenye njia hii na watu karibu 20 walipoteza maisha. Kanuni ni mbili: kutembea mchana tu, na kutofuata lori la tanki kwa karibu. Anayetoka Kolwezi saa kumi na mbili asubuhi anafika Likasi mbele ya saa sita na anapata muda wa kununua vya mwisho. Anayetoka mchana alale Likasi.

Likasi ndiyo mwisho wa mambo ya uhakika. Ni hapo unapojaza mazuti mpaka juu, unapopiga simu ya mwisho isiyokatika, na kumwachia ndugu mmoja karatasi yenye njia yako, namba ya gari, na siku ambayo usipoonekana aanze kuuliza. Baada ya hapo njia inageuka udongo kuelekea kaskazini, upande wa Mitwaba. Inateremka kwenye bonde la mto Lufira, inapita karibu na maporomoko ya Kiubo, kisha inapanda kwenye uwanda wa Kibara. Kutoka hapo safari inahesabiwa kwa saa, si kwa kilomita. Kuna mchanga, mashimo, mifereji iliyochimbwa na mvua iliyopita, na madaraja ya mbao. Kwenye daraja la mbao abiria wote wanashuka, mtu mmoja anatangulia kwa miguu kuangalia mbao, na gari linafuata polepole.

Kiubo ni mahali pazuri pa kuvunja safari. Mtu asijaribu kutoka Kolwezi na kufika Lusinga siku moja. Dereva aliyechoka, giza, na njia asiyoijua: hivyo vitatu vikikutana, jeep inalala mferejini.

Nne gari

Gari-nyumba lile la Wazungu halifai hapa, na sababu ni ya kiufundi. Ni refu, sehemu kubwa ya mwili wake inabaki nyuma ya magurudumu ya nyuma, na tumbo lake liko chini. Kwenye mfereji wa kwanza mkia unagusa udongo. Kabati na mabomba ya ndani yamejengwa kwa ajili ya lami. Kilomita mia moja za mitikisiko zinayafungua. Tena motere nyingi za Ulaya za siku hizi zinataka mazuti safi sana, ambayo huwezi kuyategemea mbali na mji.

Jawabu la Kolwezi ni jeep ya traksio nne iliyo juu, yenye motere ambayo kila fundi wa Likasi anaijua, pamoja na hema la kufungwa juu ya paa au vitanda vya mbao ndani badala ya viti vya nyuma. Kitanda cha mbao fundi seremala anaweza kukitengeneza mjini: ubao unaokunjwa, godoro la povu, na masanduku chini yake kwa chakula na vyombo. Kwa safari mbili au tatu kwa mwaka hicho kinatosha.

Kuhusu vifaa, orodha fupi ndiyo bora: tairi mbili za akiba, siyo moja, kriki nzuri na ubao wa kuiwekea juu ya mchanga, pampu ya hewa, kamba nene ya kuvuta gari, sepetu, filta ya mazuti na mkanda wa motere vya kubadilisha, taa za kichwani, sanduku la dawa lenye dawa za malaria, serumu ya kunywa na bandeji, kizima moto na pembetatu, ambazo hata rulaji watakuuliza. Kwenye mchanga punguza hewa ya tairi, na uirudishe ukifika penye mawe.

Hesabu ya maji na mazuti

Tuseme jamaa ya watu watano, siku sita. Maji ya kunywa na kupika, lita tano kwa mtu kila siku: hizo ni lita 150, au bidoni sita za lita 25. Maji ya kuoga na kuosha vyombo yanaweza kutoka mtoni, lakini ya kunywa yasitoke huko bila kuchemshwa.

Mazuti tuyahesabu kutoka Likasi. Tuweke kilomita 700 za udongo, kwenda na kurudi, pamoja na mizunguko ya ndani ya mbuga. Jeep iliyojaa inaweza kunywa lita 20 kwa kila kilomita 100 za njia kama hiyo: lita 140. Ongeza robo moja ya akiba: lita 175. Tanki ya lita 90 haitoshi. Zinahitajika bidoni tano za chuma za lita 20, ambazo zinafanya jumla kuwa lita 190.

Sasa tupime uzito. Watu watano, kilo 350. Maji, kilo 150. Mazuti ya bidoni, zaidi ya kilo 80. Hema la paa, karibu kilo 60. Chakula, vyombo na vifaa, kilo 100. Jumla inapita kilo 740 mbele ya kuweka hata mfuko mmoja wa nguo. Huo ni mzigo ambao jeep nyingi zinaubeba kwa shida, na sehemu yake mbaya zaidi ni ile ya juu ya paa, inayolifanya gari liyumbe kwenye kona.

Hesabu hiyo inaonyesha kwa nini wenye uzoefu hawaendi na gari moja. Jeep mbili zinagawana maji, mazuti na watu; moja ikikwama nyingine inaivuta; moja ikivunjika nyingine inakwenda kutafuta msaada. Jamaa mbili zinazojuana, madereva wanne, gharama nusu kwa nusu: huo ndio mpango unaosimama. Gari moja peke yake nyuma ya Kiubo ni kamari.

Usiku wa kujaribu kule Nzilo

Mbele ya safari kubwa, Kolwezi ina uwanja wake wa mazoezi. Ziwa Nzilo, lililotokea Lualaba ilipofungwa kwa bwawa la umeme katika miaka ya 1950, liko kaskazini ya mji, na wakaaji wengi wanakwenda huko kupumzika siku ya Mungu. Nendeni Jumamosi moja mkiwa na mzigo wote uleule, mlale usiku mmoja, mrudi kesho yake. Usiku huo mmoja utaonyesha kama hema linafunguka bila ugomvi, kama jiko la makala linatosha, nani anaogopa giza, bidoni gani inavuja, na kama springi za nyuma zinabeba. Kosa la Nzilo linatengenezwa na fundi siku ya kazi. Kosa hilohilo kule Lusinga linakula siku mbili za kongé.

Njiani: unachonunua kina maana

Barabarani watauza vitu vingi. Asali, mihogo, mapapai, uyoga: nunua, kwa sababu pesa hiyo inabaki kijijini. Nyama ya pori, iwe mbichi au iliyokaushwa, usiinunue hata kipande. Huwezi kujua ilitoka ndani au nje ya mpaka wa mbuga, na mteja mwenye jeep ndiye anayempa mwindaji sababu ya kurudi porini. Makala ubebe kutoka Kolwezi kidogo kwa kupikia, au jiko la gesi. Magunia ya makala ya kurudi nayo nyumbani ni miti ya pembeni ya mbuga. Takataka zote zirudi mjini, hata betri na chupa.

Moto wa kambi uzimwe kwa maji, kisha kwa udongo, wala usiachwe ukivuta moshi. Kiangazi kikikolea, cheche moja inaweza kuunguza kilima kizima.

Kwa nini mtu wa migodi aende

Mtu anaweza kuuliza faida ya jasho hili lote, wakati hoteli ya Lubumbashi ina bwawa la kuogelea. Jibu moja liko kwenye maji. Mito Musonoi na Luilu, inayopita kando ya migodi ya Kolwezi, inaingia Lualaba. Lualaba inapita Nzilo na Nseke, inatia umeme migodini, kisha inateremka mpaka bonde la Upemba, kwa wavuvi wa Kisale na kwa yule lechwe asiyepatikana pengine. Tunachomwaga hapa kinapita kule. Wakaaji wa Kolwezi na wa bonde wanakunywa mto mmoja, lakini wengi wetu hatujaona hata mara moja mahali unapokwenda.

Jibu la pili liko kwenye umeme. Mukuba unataka nguvu nyingi kila mwaka. Mradi wa bwawa la Sombwe kwenye Lufira, kati ya Upemba na Kundelungu, umeleta mabishano makali: wanaoutaka wanasema migodi na miji ina kiu ya umeme, wanaoupinga wanasema bwawa litakata njia za wanyama kati ya mbuga mbili. Wachimbaji nao wanasogelea mipaka. Mambo haya yanazungumzwa Kinshasa, Lubumbashi na katika ofisi za makampuni. Sauti ya mtu wa kawaida wa Kolwezi haisikiki, kwa sababu hajui Upemba ni nini. Ni jina kwenye ramani ya shule.

Jamaa iliyolala mara mbili Lusinga inajua. Watoto waliowaona punda milia wa mwisho wa Kongo watauliza maswali siku mtu akisema kule hakuna kitu. Na mlinzi wa mbuga anayekaa miezi mingi mbali na nyumbani kwake atakuwa ameona kwamba watu wa jimbo wanajua yuko pale.

Kwa wale wanaotaka kwenda kiangazi kijacho, kazi ya kwanza haihitaji mazuti: ni kupata jamaa ya pili, kuchagua tarehe, na kuandika barua kwa ICCN. Jibu likirudi, ndipo muanze kupima paa la jeep kwa ajili ya hema.